Mchikichi Haufai Uwemba, Lakini Mafunzo Yake Yatufaa



Leo nataka kusema nanyi juu ya mchikichi, mti utoao mafuta ya mawese. Huenda mtu akauliza, "Bwana Shamba, mti huo ni wa Kigoma, watuhusu nini sisi?" Watuhusu kwa kuwa kila nyumba hapa hununua mafuta ya kupikia kwa fedha ya viazi au ya chai, na mengi ya mafuta hayo hutokana na mchikichi. Tena, tangu Serikali ilipoanza kuhimiza zao hili huko Kigoma mwaka 2018, wako wanaouliza kama wapande na huku.

FEDHA IENDAYO NJE

Zaidi ya nne ya tano ya mawese yote duniani hutoka nchi mbili tu, Indonesia na Malaysia. Anayemtegemea jirani kwa chungu chake hulala njaa siku jirani akifunga mlango. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipunguza mafuta ya alizeti sokoni, na kuanzia tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Bei ikapanda mpaka kwenye maduka ya vijijini. Ndiyo maana Serikali yataka mafuta yakamuliwe hapa nchini.

KWA NINI USIPANDE HAPA

Mchikichi hupenda joto la mchana na usiku, na mvua nyingi iliyogawanyika vizuri katika mwaka. Ufuko wa ziwa huko Kigoma uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko yapata mita 2,000, na baridi yetu ya Juni na Julai mwaijua. Mche waweza kuota, hata ukapendeza macho, lakini hautakupa mikungu ya kukulipa. Mtu akikuletea miche ya michikichi na kukuahidi utajiri, weka fedha yako mfukoni.

Lakini yako mambo manne ambayo mti huu umewafundisha wataalamu, nayo yafaa mashamba yetu ya parachichi.

1. MBEGU NDIYO SHAMBA

Mchikichi wa asili wa Kigoma, uitwao Dura, una kokwa yenye gamba nene na nyama kidogo. Mwingine, Pisifera, hauna gamba, lakini mara nyingi hauzai. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi huko Kongo, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba Dura ikichanganywa na Pisifera hupatikana Tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi. Dura ya Kigoma hutoa kama tani 1.6 za mafuta kwa hekta, yaani karibu kilo 650 kwa eka. Tenera ikitunzwa vema yaweza kufika tani 4, yaani kilo 1,600 kwa eka. Ardhi ni ile ile na jembe ni lile lile.

Sasa angalieni hatari yake. Mkulima akiokota kokwa chini ya Tenera zake na kuzipanda, katika kila miche minne kwa wastani mmoja utarudi kuwa Dura, mmoja utakuwa Pisifera isiyozaa, na miwili tu itakuwa Tenera. Naye hataijua mpaka miaka mitatu au minne ipite. Kwa sababu hiyo wakulima wa Kigoma huhimizwa kupata mbegu kwa kituo cha utafiti cha TARI Kihinga.

Parachichi ni vivyo hivyo. Kokwa ya Hass haizai Hass halisi. Nunua miche iliyobebeshwa, kwenye kitalu kinachojulikana, na utazame kiungo kama kimeshika.

2. MAHALI

Hata parachichi huumizwa na baridi kali. Hewa baridi huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Panda miche yako kwenye mteremko, si chini bondeni.

3. WADUDU RAFIKI

Huko Malaysia watu walikuwa wakichavusha maua ya michikichi kwa mikono, kazi ya taabu na gharama. Mwaka 1981 wataalamu walipeleka huko mdudu mdogo kutoka Kameruni, naye akaifanya kazi hiyo bila mshahara. Kwetu nyuki ndiye mfanyakazi huyo. Usipulize dawa ya wadudu wakati parachichi limechanua, na ukiweza tundika mzinga karibu na shamba.

4. NJIA YA KIWANDANI

Chikichi likishakatwa na kuchubuka, mafuta yake huanza kuharibika. Yafaa lifike kwenye mashine katika saa 24. Kwa hiyo shamba lililo mbali na mashine, au lisilo na barabara wakati wa mvua, hupoteza faida hata mbegu ikiwa bora.

Parachichi lina nafuu kidogo, maana haliivi likiwa mtini, nawe waweza kungoja mnunuzi likisha komaa. Lakini likishachumwa, muda huanza kuhesabiwa. Tafuta mnunuzi kwanza, ndipo uchume. Kata na kikonyo kifupi, usitikise mti, na uweke matunda kivulini. Wanaouza pamoja katika kikundi hujaza gari, na aliyejaza gari husikilizwa bei.

Na ndugu zetu wa upande wa Makambako, ambako ni chini kuliko hapa na kuna joto zaidi, waweza kujikamulia mafuta ya alizeti na kuwapa mifugo mashudu.

Ndugu zangu, mahindi ukikosea utasahihisha msimu ujao. Mti ukikosea, umefunga ardhi ya watoto wako kwa miaka. Kabla hujachimba shimo, jiulize: mahali hapa panafaa? Mche huu umetoka wapi? Nani atanunua, na kwa barabara ipi? Ukikosa jibu moja, njoo ofisini tuzungumze kwanza.