Njia za Watoto Wetu Kuufikia Udaktari

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Halmashauri ilitukabidhi sisi wa Kamati ya Elimu kazi ya kuchunguza jambo moja, nalo ni hili: mtoto wa mwanachama asiye na mali, aliyesoma shule ya kutwa ya kijijini, aweza kwa njia gani kuwa daktari, na Chama kiwe na sehemu gani katika safari yake. Jambo hili lilizuka katika mkutano wa mwaka uliopita, pale ilipoulizwa kwa nini fedha za mfuko wa elimu zimwendee mwanafunzi mmoja wa udaktari hali zingeweza kuwatosha vijana kadhaa wa ufundi. Swali hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Twaomba ruhusa tu tulijibu kwa kuanza nyuma kidogo, kwa maana mlango huu haukuanza kuwa mwembamba jana.

Hospitali kubwa ya mji wetu, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Wakati ule Mwafrika aliweza kulala katika kitanda hicho, na aliweza kukifagilia chini yake, lakini hapakuwa na chuo hata kimoja katika Afrika Mashariki nzima ambacho kingemfundisha kumtibu aliyelala juu yake. Mafunzo ya udaktari kwa Waafrika yalianzishwa Mulago, chini ya Makerere, katika miaka ya 1920, na vijana wachache wa Kenya walipata nafasi huko. Waliporudi na vyeti vyao waliitwa wasaidizi, wakapewa mshahara ulio chini sana ya ule wa daktari Mzungu aliyefanya kazi ile ile katika wodi ile ile. Cheti cha Makerere kilikuja kutambuliwa na Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza mwaka 1957, na Kenya yenyewe haikuwa na chuo chake cha udaktari mpaka 1967, kilipofunguliwa Nairobi.

Kwetu huku, Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa mwaka 1984, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari wakaingia mwaka 1990. Tangu siku hiyo mtoto wa Turbo au wa Moiben ameweza kusoma udaktari akiwa karibu na nyumbani kwao. Twalisema hili kwa furaha, walakini twaongeza upesi kwamba kukaa karibu na lango si kuingia langoni. Wako wanachama hapa ambao kwa miaka mingi wamepita mbele ya chuo hicho wakipeleka maziwa na mboga mjini, na hakuna hata mmoja wa ukoo wao aliyepata kuketi ndani yake.

Tuseme sasa juu ya vikwazo vyenyewe. Cha kwanza ni alama. Ili kijana afikiriwe kwa udaktari, lazima apate B au zaidi katika Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Hicho ndicho kiwango cha chini, na kiwango cha chini hakimwingizi mtu, kwa kuwa nafasi ni chache na wenye alama za A ni wengi. Watu husema ya kwamba mtihani ni mmoja kwa wote, na kweli karatasi ni moja. Lakini walimu wa Kemia walio wanachama wetu wametueleza kwamba ziko shule za kutwa ambazo mwanafunzi huishika bureti kwa mkono wake mara ya kwanza katika mtihani wenyewe. Mwenzake wa shule kubwa ya bweni ameishika kila juma kwa miaka minne. Tofauti ya mikono hiyo miwili huandikwa katika cheti kana kwamba ni tofauti ya akili.

Kwa wasichana mzigo huu huwa mara mbili. Msichana wa shule ya kutwa hurudi jioni akateka maji, akapika, akaoga wadogo zake, ndipo afungue kitabu saa ambayo kaka yake amekwisha kufunga chake. Serikali iliwahi kuwapunguzia wasichana alama kidogo za kuingilia vyuo vikuu, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 56, yaamuru hatua maalum kwa makundi yaliyosukumwa pembeni. Tumesikia wazazi wakinung'unika ya kwamba hatua hizo zaharibu ubora. Sisi hatuoni hivyo. Mtihani wa mwisho wa udaktari haumpunguzii mtu alama kwa sababu ya kwao. Kinachopunguzwa ni urefu wa kizingiti cha mlango, wala si urefu wa masomo. Na iko hadithi ya kweli ya Marekani inayoonyesha yanayotokea kizingiti kinapoinuliwa pasipo kujengwa ngazi. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti ya kutaka vyuo vya udaktari viwe na kiwango cha juu. Nia ilikuwa njema kwa sehemu kubwa. Lakini katika vyuo saba vya watu weusi, vitano vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry tu, na kwa miongo mingi watu weusi wa nchi ile tajiri walikosa madaktari wa kwao.

Kikwazo cha pili ni kimya. Hiki hatukukitarajia tulipoanza uchunguzi, na ndicho kilichotufundisha zaidi. Shule ya udaktari ya hapa Eldoret ilijengwa kwa mtindo usiokuwa wa kawaida katika nchi yetu. Wanafunzi huketi kikundi kidogo pamoja na mwalimu, hupewa habari ya mgonjwa, nao hujadiliana wenyewe, wakigawana maswali ya kwenda kuyatafuta. Tena hupelekwa kukaa katika vituo vya afya vya vijijini, wakapime visima na vyoo, wakawatembelee watu nyumbani, ili wajue ugonjwa unakotoka. Mtindo huu twausifu. Katika sehemu ya vijijini, mtoto wa mkulima huwa mwalimu wa wenzake. Yeye hahitaji kuelezwa kwa nini mama mwenye ng'ombe wa kukama hafiki kliniki saa mbili asubuhi. Lakini katika chumba cha majadiliano mambo hugeuka. Vijana waliolelewa katika shule ambazo mwanafunzi mwema ni yule anyamazaye, na ambao Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, hukaa kimya wiki baada ya wiki huku wakilijua jibu. Wengine huhesabiwa kuwa wazito. Wanafunzi wawili wa ukoo mmoja wa wanachama wetu walitueleza kwamba mwaka wao wa kwanza ulikuwa mgumu kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya Anatomia. Dawa yake si fedha. Ni mtu wa kwao aliyetangulia, wa kukaa naye Jumamosi na kumwambia: sema, hata ukikosea.

Kikwazo cha tatu ni mali, na hapa yafaa tueleze sawasawa, maana wengi hudhani karo ndiyo yote. Udaktari hapa ni miaka sita, na baada yake mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa mwaka 1995, humsaidia mwanafunzi, na mwaka 2023 Serikali ilianzisha utaratibu mwingine wa kuchanganya ruzuku na mkopo kwa kadiri ya hali ya nyumbani. Utaratibu huo ulileta malalamiko mengi, na hata ukafikishwa mahakamani, hatutaingia humo. Tunalotaka mlione ni kwamba mikopo hufika ikiwa imechelewa, na njaa haichelewi. Mwanafunzi huanguka kwa kukosa kodi ya chumba, nauli ya kwenda kituoni, koti jeupe, stetoskopu, na vitabu. Wenzake waliochagua ualimu au biashara wamekwisha kumaliza, wanajenga, nao wazee nyumbani huuliza: huyu wetu atamaliza lini?

Na hata akimaliza, safari haijesha. Mkataba wa mwaka 2017 uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kuwalipa 70,000, jambo hilo likawa moja ya sababu za mgomo wa madaktari uliodumu siku 56, tangu tarehe 14 Machi hata 8 Mei 2024. Wahitimu walikaa miezi nyumbani wakingoja kupangiwa vituo. Mtoto wa tajiri hungoja akiwa mezani kwa baba yake. Mtoto wa mwanachama wetu, aliye na deni la mkopo na wadogo wanaomtazama, hungoja akiuza mitumba sokoni na shahada imo sandukuni. Hatusemi kuuza mitumba ni aibu, la hasha. Twasema nchi iliyomgharimia miaka sita imepata hasara.

Sasa tugeukie njia zilizo wazi, kwa maana hatukutumwa kuleta kilio peke yake.

Iko njia ya kuingia baadaye. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho kina tawi hapa Eldoret, hufundisha maafisa wa kliniki kwa diploma. Kijana aliyekosa alama za udaktari aweza kuanza hapo, akafanya kazi, kisha akaomba chuo kikuu akiwa mtu mzima, na waliofaulu vizuri hukubaliwa. Njia hii ni ndefu, na mara nyingi huanzishwa tangu chini kana kwamba hajapata kumpima mgonjwa. Hata hivyo wauguzi na maafisa wa kliniki ndio watu wanaobeba vituo vyetu vya vijijini, na hatuoni sababu ya kijana kudharauliwa kwa kupitia huko. Wala kuchelewa si kushindwa. Profesa Miriam Were, mzaliwa wa Kakamega, alikuwa mwalimu kabla hajasomea udaktari. Alihitimu Nairobi mwaka 1973, akaifanya afya ya vijijini kuwa kazi ya maisha yake, akapewa Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani mwaka 2008, na baadaye akawa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi hiki hiki. Lau angalisema umri umepita, wengi wangalikosa.

Iko pia njia ya mapatano. Katika Japani kuna chuo kiitwacho Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kila mkoa huchagua vijana wachache wake, huwasomesha bila karo, nao hurudi kuutumikia mkoa wao kwa miaka tisa. Katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hospitali ya mashambani ya Mosvold ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwatafuta vijana wa vijiji vilivyoizunguka na kuwasomesha ili warudi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2010 na tena wa 2021, limeshauri vyuo viandikishe wanafunzi wa mashambani, kwa kuwa hao huelekea zaidi kufanya kazi mashambani.

Kutokana na hayo Kamati yaleta mapendekezo. Mfuko usilipe karo ya udaktari, kwa maana hapo swali la mwaka uliopita lina nguvu: karo ya mmoja ingetumaliza. Bali ulipe yale madogo yanayomwangusha mtu, nauli, koti na chumba, na umshike mkono mhitimu katika miezi ya kungoja uanagenzi, kwa mkopo usio na faida. Jumla ya hayo isipite theluthi moja ya mfuko. Theluthi mbili zibaki kwa ufundi, ualimu na mengineyo. Sehemu ya theluthi hiyo itengwe kwa muuguzi au afisa wa kliniki anayerudi masomoni. Pia tununue bureti, pipeti na kemikali zitakazozunguka katika shule za kutwa, na walimu walio wanachama wamekubali kufundisha Jumamosi bila malipo. Jambo hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, nasi twalitanguliza.

Juu ya mapatano hatukuafikiana. Wengi wetu twataka msaidiwa aahidi kutoa siku kadhaa kila mwaka katika kituo cha afya cha kwao, na awe mlezi wa anayemfuata. Mmoja wetu alisimama imara kwamba hiyo haitoshi, na kwamba pasipo maandishi ya kisheria watakwenda Uingereza na ng'ambo nyingine. Tulimjibu kwamba Chama hakina polisi, na kwamba anayetaka kwenda atakwenda. Hakuridhika, na maoni yake yamechapwa pamoja na haya ili mpime wenyewe.

Neno moja juu ya hesabu. Wazazi wengi wa Uasin Gishu walipoteza fedha katika mpango wa kupeleka watoto Finland na Kanada, na mwaka 2023 waliandamana barabarani kuzidai. Walikuwamo waliouza mashamba. Kwa sababu hiyo twataka kila shilingi ya mfuko huu ibandikwe ukutani pa ofisi kila mwezi: imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, kwa kazi gani. Mweka Hazina amekubali.

Fomu za maombi ziko kwa Katibu, kwa Kiswahili na Kiingereza, na siku ya mwisho imeandikwa juu yake. Bwana Mwenyekiti, twayaweka mapendekezo haya mezani, na twaomba yajadiliwe kabla ya kura, kuanzia lile la maabara.