Sauti ya Mgogo Katika Kijiji cha Uingereza

Leo twataka kuwaeleza namna sauti ya Mgogo mmoja ilivyotoka Bagamoyo ikafika Box, kijiji katika Wiltshire, nchi ya Uingereza.

Twaijua njia ya misafara iliyotoka bara, ikapita Ugogo, ikashuka Bagamoyo. Zamani ilileta pembe na mateka. Katika zama zetu alishuka pwani Hukwe Zawose, mwimbaji wa Dodoma. Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akaingia kundi la ngoma za taifa. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, akawa mwalimu hapo, na jamaa zake wakakaa naye.

Chombo chake kilikuwa ilimba, ndiyo marimba ya Kigogo: sanduku la mti lenye vipande vyembamba vya chuma, vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ilimba yake kubwa ilikuwa na vipande vingi. Mpigaji havigusi vyote. Vingine huitikia vyenyewe wenzao wanapolia. Naye Zawose aliimba kwa sauti nzito, kisha akaipandisha hata mtu adhani kuwa anaimba mwanamke.

Sasa, Box kuna nini? Kuna handaki la reli lililofunguliwa mwaka 1841, na kinu cha zamani cha maji ambacho Peter Gabriel, mwimbaji mashuhuri wa Uingereza, alikigeuza kuwa nyumba ya kunasia sauti. Nyumba hiyo ndiyo iliyotoa santuri ya Zawose iitwayo Chibite, mwaka 1996. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwaka huohuo Zawose na Charles, kijana wa ukoo wake, walifuatana na Gabriel mpaka Marekani, wakaimba mbele ya maelfu ya watu.

Angalieni jambo hili: hakuacha Kigogo wala ilimba ili apendwe na wageni. Walimwita kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho.

Zawose alifariki Bagamoyo mwezi wa Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004. Wengi walihofu kuwa uzi umekatika. Lakini nyumbani walikuwako wanawake, ambao kwa desturi walipiga ngoma na kuitikia nyuma ya wanaume, kuongoza hawakupewa. Hao ndio walioushika uzi. Mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa santuri yao Maisha kwa jina la The Zawose Queens, nayo ilitolewa na nyumba ileile ya Box.

Basi, ndugu zetu, mali ya ukoo ikilindwa na nusu ya watu wa nyumba, nusu ya ulinzi imepotea. Tuwafundishe watoto wetu wote, wa kiume na wa kike.