Mfumo wa Kuchaji katika Malori ya Dizeli ya Zamani: Alteneta Inabadilishwa, Betri Bado Inakufa



Nimetakiwa kuanza na maana ya mfumo wa kuchaji. Mkanda huzungusha alteneta, daiodi hugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, regureta huzuia volti zisipite kiasi, betri hupokea. Hayo mnayajua, tuyaache.

Linalotusumbua mwambao huu ni waya wa ethi. Lori linaloshinda mchangani Msimbati, linalopakia chumvi au linalosubiri zamu bandarini msimu wa korosho, linavuta hewa ya chumvi usiku na mchana. Kutu haianzii kwenye alteneta. Inaanzia chini ya boliti inayobana waya wa ethi kwenye chesisi, mahali ambapo juu panang'aa na chini pamegeuka unga wa kijani.

Fundi anapima kwenye alteneta, anapata volti 28, anasema nzima. Asubuhi stata inagugumia. Alteneta inalaumiwa, inanunuliwa nyingine ya mtumba, na baada ya wiki chache tunarudi palepale. Kumbe regureta inasoma volti za alteneta yenyewe. Zinazopotea njiani kwenda kwenye betri, regureta haizijui. Pima tena kwenye betri zote mbili kwa pamoja, injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwaka. Ukikuta 26, usiguse alteneta. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya alteneta. Ikizidi nusu volti, mwizi umemkamata. Kama ethi ni nzima, fuata waya wa chanya kwa njia hiyohiyo. (Nazungumzia alteneta ambazo bodi yake ndiyo hasi, zenye waya wa hasi wa pembeni zipimwe kwenye waya huo.)

Dalili nyingine huonekana kwa macho: kebo ya ekseleta yenye ganda lililoyeyuka. Umeme wa stata ukikosa njia kwenye ethi, hupita hapo.

Sinyooshei kidole chuo wala gereji yoyote. Lakini bado tunapima alteneta kwa kuvua taminali ya betri injini ikiwa inafanya kazi. Zama za dainamo hilo lilivumilika. Leo linaua daiodi na regureta, kisha mteja anauziwa kifaa kilichouawa na kipimo.

Napendekeza, kwa heshima, kila gereji iwe na mita na ipime lori likiwa na mzigo wa taa. Vyuo vifundishe kupima upotevu wa volti kabla ya kufundisha kufungua alteneta. Wamiliki wasiidhinishe alteneta mpya bila kuonyeshwa vipimo viwili, cha alteneta na cha betri. Madereva waache kuchukua volti 12 za redio kwenye betri moja kati ya mbili: moja inashindwa kujaa, nyingine inachemka. Lori likitoka pwani lioshwe kwa maji baridi, boliti za ethi zifunguliwe, zisuguliwe mpaka chuma kionekane, zikazwe, ndipo zipakwe grisi. Taminali isivuliwe injini ikiunguruma. Nalirudia kwa makusudi.

Waya wa pili wa ethi, kutoka hasi ya betri hadi bodi ya alteneta bila kupitia chesisi, uliwahi kupendekezwa ukabaki kwenye makabrasha. Nauwasilisha tena, na naomba safari hii uingie kwenye maazimio ya kikao hiki kabla msimu wa korosho haujafunguliwa.