Bidoni Yako Njo Tangi



Chuo kikuu tulijifunza kupanga matangi ya kemia. Maswali makubwa ni matatu: dawa kiasi gani, imechanganyika vizuri, imekaa muda gani? Mwaka 1908 Harriette Chick na H. E. Watson walionyesha kwamba kuua vijidudu kunategemea nguvu ya dawa na muda inaokaa nao.

Kule kambini, maji yenu yaliangaliwa na wengine. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kolera inarudi-rudi. Bidoni ya lita 20 njo tangi, na mama wa nyumba njo fundi.

Basi, maji yakiwa na matope, chujeni kwanza na kitambaa safi, maana uchafu unakula klore mbele ya vijidudu. Tieni kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, fungeni, tikiseni, ngojeni dakika 30. Ukinywa dakika ya 5, dawa haijamaliza kazi.

Nanyi wafadhili: klore bila kitambaa, kipimo na bidoni yenye kifuniko ni nusu ya msaada.