Unayemuuguza Mzazi, Jitunze Msimu wa Baridi

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai baridi huandamana na mvua. Wewe unayemuuguza mzazi nyumbani, usijikunyate ndani siku nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Tembea kwa kasi asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri, kwa viatu visivyoteleza kwenye tope. Ukimwinua mgonjwa, kunja magoti, usipinde mgongo. Jiko la makaa lisilale chumbani: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Tafadhali, jitunze ili uweze kumtunza.