Mkonge: Faida Zake na Mipaka Yake

Leo nataka tuzungumze habari za mkonge, mmea utupao katani. Bila shaka mmesikia ya kuwa mkonge huota popote, hauhitaji mbolea, wala hauchoshi ardhi. Katika maneno hayo yamo ya kweli na ya kupotosha, na yafaa tuyatenganishe kabla hamjatia jembe.

Asili ya mkonge ni Mexico. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini iliyofika kwetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mashamba yalienea, hata mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikashindana nayo, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa tani 20,000 hivi. Basi jueni kwamba bei ya mkonge hupanda na kushuka.

Faida zake ni hizi. Mkonge hufungua vinyweleo vya majani usiku, wakati wa baridi, kwa hiyo hupoteza maji kidogo na hustahimili ukame unaoua mahindi. Kamba ya katani ikitupwa huoza ikawa udongo. Ya plastiki hubaki miaka mingi.

Sasa mipaka yake. Kwanza, mkonge huchosha ardhi. Kila jani likatwalo huondoka na chokaa na potasi, na shamba lisiporudishiwa kitu hudhoofika. Pili, hauvumilii maji yaliyotuama. Tatu, katika kilo 100 za majani, katani ni kilo 4 hivi tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Mwenye kusafirisha majani mbali husafirisha maji. Nne, korona hutumia maji mengi ya kuoshea, na maji hayo yakitoka yana uchachu. Yakiachwa yaingie mtoni huua samaki na kuharibu maji ya kunywa ya majirani.

Basi fanyeni hivi:

1. Kabla ya kupanda, hakikisheni iko korona karibu itakayopokea majani yenu. Jani lililokatwa lisindikwe mapema, kabla ya siku mbili kupita, maana likikauka nyuzi haziachani vizuri na nyama ya jani.

2. Pandeni mistari miwili miwili: mita 1 kati ya mistari ya jozi, mita 4 kati ya jozi na jozi, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Hekta moja itachukua miche 5,000. Penye mteremko, mistari ikingame mteremko ili kuzuia mmomonyoko.

3. Katika ile nafasi ya mita 4 pandeni maharage au kunde miaka miwili ya kwanza. Mkonge hukawia miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukatwa, na tumbo halingoji.

4. Msikate majani yote. Bakizeni yasiyopungua 20 katika kila mmea.

5. Rudisheni makapi yaliyooza shambani. Si takataka, ni mbolea. Huko Hale, mkoani Tanga, katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi ya kuzalishia umeme.

6. Ng'oeni visiki vilivyooza, hasa karibu na kitalu, kwa maana humo huzaliana fukusi wanaoshambulia miche michanga.

Msing'oe mihogo wala mahindi yenu yote kwa ajili ya mkonge. Anzeni na sehemu ya shamba isiyofaa kwa chakula lakini isiyotuama maji, kisha mwiteni afisa ugani aupime udongo wake. Mkonge ukishapandwa hukaa ardhini miaka mingi, na kosa la siku ya kupanda hudumu muda wote huo.