Somo la Hesabu: Bei Iliyopunguzwa ya Michezo ya Kompyuta

Shikeni daftari na kalamu, maana leo tutasoma na kuhesabu pamoja.

Wengi wenu mna vijana nyumbani. Kijana wa Sakina, wa Ngarenaro au wa Usa River huja akasema, "Mama, naomba elfu hamsini ninunue gemu." Gemu ni mchezo wa kompyuta. Siku hizi watu wengi huununua kwa mtandao, nao huingia katika kompyuta bila kupita dukani. Huwezi kuushika mkononi, wala kuupima kwa kilo. Basi mzazi atajuaje kama bei yake ni ya haki? Elfu hamsini si fedha ndogo. Yaweza kuwa sare ya shule.

Kwanza tutazame soko tunalolijua. Pale Tengeru, jioni ya siku ya soko, nyanya hushuka bei. Kwa nini? Kwa sababu zitaoza. Mchezo wa kompyuta hauozi, hata hivyo bei yake hushuka, tena sana. Sababu yake ni nyingine. Mchezo ukiisha kutengenezwa, kumwuzia mtu mmoja zaidi hakumgharimu mwenye duka karibu kitu. Kwa hiyo huanza na wale wasioweza kungoja, nao hulipa bei kamili. Baadaye hupunguza bei ili awapate na wale wenye fedha kidogo. Jambo hili mlikumbuke: anayengoja hulipa kidogo.

Pili, tujue majira. Duka kubwa la mtandao liitwalo Steam lilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Valve ya Marekani. Kila mwaka hupunguza bei za michezo mingi sana mwishoni mwa Juni, na tena mwishoni mwa Desemba. Humo mna orodha ya matamanio. Kijana huweka jina la mchezo anaoutaka, na siku bei ikishuka duka humletea taarifa. Duka jingine, Epic Games Store, lilifunguliwa mwaka 2018. Hilo hutoa mchezo wa bure kila juma. Ukiuchukua katika siku zake, unabaki katika hesabu yako. Kadhalika uko ukurasa uitwao IsThereAnyDeal. Huo huonyesha bei ya mchezo mmoja katika maduka mbalimbali, na bei ya chini kuliko zote iliyopata kutokea. Ni sawa na kuzunguka meza zote za sokoni kabla ya kufungua mkoba.

Sasa andikeni hesabu hii. Steam hutuuzia sisi Watanzania kwa dola. Mchezo ni dola 20, na punguzo ni asilimia 75. Asilimia 75 maana yake ni 75 katika kila 100, yaani robo tatu. Robo tatu ya 20 ni 15. Toa 15 katika 20, inabaki 5. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, dola 1 ni shilingi 2,500. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 50,000. Bei ya sasa ni shilingi 12,500. Umebakiza shilingi 37,500.

Lakini msifunge daftari bado. Mchezo mkubwa waweza kuzidi gigabaiti 50. Kuushusha kwa bando la simu kwaweza kugharimu kuliko mchezo wenyewe. Ulizeni ukubwa wake kwanza, na kama kompyuta yenu inauweza. Mchezo ukikataa, Steam hurudisha fedha, iwapo umeomba kabla ya siku 14 kupita tangu kuununua, na hujaucheza kwa saa 2.

Tena jihadharini na neno "bure." Iko michezo ya simu ambayo kuianza ni bure, kisha huuza sarafu na silaha kidogo kidogo ndani yake. Shilingi 2,000 leo, 2,000 kesho, na mwisho wa mwezi akiba imekwisha. Msimpe mtoto namba ya siri ya fedha za simu.

La mwisho ni wadanganyifu. Ukipata ujumbe usemao, "Gemu la elfu hamsini kwa elfu tano, tuma kwa namba hii," usitume. Duka la kweli hulipwa ndani ya duka lenyewe, kwa kadi au kwa njia zilizoandikwa hapo. Tena halikuombi neno lako la siri kwa ujumbe. Namba ya tapeli ipelekeni 15040, namba ya kupokea taarifa za utapeli. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini nyanya hushuka bei, na kwa nini mchezo wa kompyuta hushuka bei?

2. Mchezo ni dola 40, punguzo ni asilimia 50. Utalipa dola ngapi?

3. Ni gharama gani isiyoandikwa katika bei ya mchezo?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya darasa. Nyumbani, mwiteni kijana wenu mfanye hesabu hizi pamoja kabla ya fedha kutoka. Kwaherini, mpaka somo lijalo.